Ndege Moja kwa Majeshi Matatu, Gari Moja kwa Washirika Watatu: Kisa cha Arusha

Kisa hiki kilitokea kati ya taasisi tatu za Arusha na Moshi zilizoamua kuunda bodi moja ya gari kwa gharama za pamoja. Majina nimeyaondoa, na fedha nimezibadilisha kwa uwiano uleule ili hesabu isipotee. Mimi nilikuwa mtunza hesabu wa mradi, kwa hiyo risiti zote na barua zote za malalamiko zilipita mezani kwangu. Nakiandika kwa sababu hoja iliyowashawishi washirika ilitoka mbali na karakana: ilitoka kwenye ndege za kivita za Marekani. Bado naisikia katika vikao vingine, na inafaa ikaguliwe kwa uzito wake.

Washirika na walichotaka

Wa kwanza ni kampuni ya utalii ya Arusha. Magari yake yanaingia Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na mgeni wake anataka dirisha kubwa na paa linalofunguka ili asimame apige picha. Wa pili ni kampuni ya Moshi inayopandisha watu Mlima Kilimanjaro. Gari lake linapeleka wapagazi, mahema, mitungi ya gesi na magunia ya chakula hadi lango la Machame au Londorossi, mara nyingi kwenye tope. Huyu anataka keria imara juu na viti vinavyokunjika. Wa tatu ni taasisi ya afya yenye kliniki tembezi katika vijiji vya Longido na Simanjiro. Anahitaji sakafu iliyonyooka ya kulaza machela, mlango mpana nyuma, na mahali pa jokofu la chanjo.

Wote walipanga kununua Land Cruiser pikapu na kuipeleka kwa mafundi wa Arusha, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikata chesisi, kuirefusha na kujenga bodi mpya juu yake. Kampuni ya utalii ilihitaji magari 12, ya mlima 6, na taasisi ya afya 2.

Hoja iliyoshinda kikao

Karakana iliyochaguliwa ilitaja shilingi milioni 60 kwa kazi ya usanifu: michoro, gari la mfano, fremu ya kupimia na kalibu za faiba. Hiyo haikuwa bei ya magari yenyewe. Ilikuwa gharama ya kufikia hatua ambapo gari la kwanza linaweza kurudiwa mara nyingi bila kubuni upya.

Mzee mmoja upande wa taasisi ya afya, aliyewahi kuwa fundi wa ndege, alisimama akasema: "Jamani, Wamarekani wameunda F-35, ndege moja, na majeshi matatu yanaitumia. Sisi tutashindwaje na gari?" Hoja ilikaa vizuri masikioni. Milioni 60 ukigawa kwa magari 20 ni milioni 3 kwa gari. Kila mshirika alijilinganisha na hali ya kulipa zote 60 peke yake, akaona ameokoka.

Mzee alikuwa sahihi kuhusu nia ya mradi ule. Kampuni ya Lockheed Martin ilipewa mkataba wa F-35 mwezi Oktoba 2001 ili itoe ndege ya aina tatu kutoka usanifu mmoja: A ya Jeshi la Anga, B ya kikosi cha Marine (askari wanaoshuka kutoka melini kupigana nchi kavu) inayoweza kutua wima, na C ya Jeshi la Majini inayotua kwenye manowari ya kubebea ndege. Matumaini yalikuwa kwamba sehemu kubwa ya vipuri ingefanana, usanifu ulipwe mara moja, na gharama isambae kwa maelfu ya ndege. Hadi hapo, hesabu ya Arusha na hesabu ya Washington zilikuwa hesabu moja.

Mambo yalivyokwenda

Kazi ilianza masika, wakati wageni ni wachache na karakana zina nafasi. Sehemu ya chini ilikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Chesisi ilirefushwa na kuimarishwa pale ilipokatwa, nyaya za umeme zikapangwa upya, tangi la pili la mafuta likapata mahali pake. Hakuna aliyebishana, kwa kuwa huko chini wote walitaka kitu kilekile: gari lisipasuke.

Ugomvi ulianzia kwenye paa. Paa linalofunguka linahitaji tundu kubwa katikati. Keria ya kubeba mizigo ya wapagazi inahitaji mikanda ya chuma inayokatiza palepale, kutoka ubavu hadi ubavu. Fundi mkuu alipanda juu ya fremu akiwa na chaki, akachora mzunguko wa tundu, kisha akachora mistari ya mikanda, akatuita tuone inavyopishana. "Nikikata hapa, mgeni atasimama lakini mzigo hauna pa kukaa," alisema. "Nisipokata, mzigo utakaa, mgeni atabaki ameinama." Kikao kikaamua vyote viwili viwepo: paa lifunguke, na keria ibebwe na nguzo nene za pembeni.

Nguzo nene zilileta uzito. Uzito ukadai springi ngumu zaidi nyuma. Springi ngumu zikaharibu kazi ya mshirika wa tatu: gari lilipojaribiwa kwenye barabara ya vumbi likiwa na watu wachache tu, muuguzi aliyekaa nyuma hakuweza kuituliza chupa ya dripu mkononi. Machela nayo ilipoingizwa ilikwama kwa shubiri moja kwenye kishikio cha tairi la spea, maana kampuni ya utalii ilitaka spea mbili nyuma. Kishikio kikahamishwa, mlango ukachorwa upya, na kalibu ya ubavu wa kushoto, iliyokuwa tayari imekamilika, ikatupwa nje ya karakana.

Gharama ikafika milioni 94 kabla gari la pili la mfano halijaisha. Wakati huohuo benki iliipunguzia kampuni ya utalii mkopo, ikashusha oda yake kutoka magari 12 hadi 7. Wiki chache baadaye kampuni ya mlima ikaandika barua ya kujitoa, ikidai irudishiwe milioni 18 ilizokwisha kulipa.

Hesabu ilibadilika hivi. Kwa magari 20, milioni 94 ni milioni 4.7 kwa gari. Kwa magari 15 ni karibu milioni 6.3. Mlima alipoondoka na magari yake 6, yakabaki 9, na kila gari likabeba zaidi ya milioni 10.4. Taasisi ya afya, iliyoingia ikitegemea kulipa milioni 6 kwa magari yake mawili, ikajikuta inadaiwa karibu milioni 21.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugawa gharama kwa idadi ya magari. Sababu yake ilikuwa wepesi: kila mtu angeweza kupiga hesabu mwenyewe, na mwenye magari mengi alionekana ndiye mwenye uwezo. Ulionekana wa haki, na hakuna aliyeuhoji.

Uamuzi wa pili ulihusu mabadiliko ya mchoro: yapite kama washirika wawili kati ya watatu wamekubali. Nia ilikuwa kuzuia mmoja asiwakwamishe wengine. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mlima aliiunga mkono spea ya pili ya utalii ili utalii aiunge mkono keria yake. Afya akaunga mkono paa ili apewe mlango. Hakuna ombi hata moja lililokataliwa, na hakuna aliyeulizwa ombi lake linaongeza kilo ngapi au shilingi ngapi kwa mwenzake.

Uamuzi wa tatu ndio uliookoa kilichobaki, na ulitoka kwa mhasibu wa taasisi ya afya. Aliuliza kwa upole, karatasi ikiwa mkononi: "Wazee wangu, hii milioni 21 ni ya machela mbili?" Kisha akaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba: karakana itoe bei ya kuunda kila gari peke yake. Jibu lilikuja kwa maandishi. Gari la utalii tu, usanifu wake ungegharimu milioni 25. Gari la mlima tu, milioni 20. La afya halikuhitaji usanifu wowote, kwa kuwa Land Cruiser ya hadtop, yaani yenye bodi ya bati iliyofungwa kutoka kiwandani, yenye mlango wa nyuma hutumika kama gari la wagonjwa kila pembe ya nchi, na machela inaingia bila kukata bati. Jumla ya kutengana ilikuwa milioni 45. Jumla ya kuungana, hata kwa bei ya siku ya kwanza, ilikuwa 60.

Siku hiyohiyo kazi ya bodi ya pamoja ilisimamishwa.

Matokeo

Washirika walikubaliana kubaki pamoja kwenye chesisi, springi za kawaida, tangi na nyaya, na kila mmoja ajenge bodi yake kwa fedha zake. Kampuni ya utalii ilipata gari lake kabla ya msimu wa wageni wa Desemba. Taasisi ya afya ilinunua hadtop mbili. Kampuni ya mlima haikurudishiwa fedha, ila ilipewa haki ya kutumia michoro ya chesisi. Nguzo nene, gari la pili la mfano na kalibu zilizotupwa hazikumfaa mtu yeyote. Hizo ni fedha zilizopotea, na kwa taasisi ya afya zilikuwa fedha za chanjo na mafuta ya kwenda vijijini. Hilo liliniuma zaidi ya mengine yote katika kisa hiki.

Uchambuzi: ndege zinasema nini

Nirudi kwenye hoja ya mzee, maana alitaja mfano mzuri bila sisi kuufuata hadi mwisho wake.

Miaka 40 kabla ya F-35 kuwapo, Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani kuanzia 1961, aliyaagiza Jeshi la Anga na Jeshi la Majini yaunganishe mahitaji yao katika ndege moja. Alitarajia kuokoa dola bilioni 1. Jeshi la Anga lilitaka ndege ya kupenya chinichini kwa kasi kubwa na kwenda mbali na mabomu. Jeshi la Majini lilitaka ndege ya kuzunguka angani kwa muda mrefu, yenye rada kubwa na makombora ya kulinda meli, ambayo isiwe ndefu mno wala nzito mno kwa manowari. Mwaka 1962 mkataba ulikwenda kwa kampuni ya General Dynamics, ingawa bodi ya wanajeshi iliyotathmini zabuni iliipendelea Boeing. Moja ya sababu za McNamara ilikuwa kwamba mchoro wa General Dynamics ulikuwa na vipuri vingi zaidi vinavyofanana kati ya majeshi mawili. Kufanana kulikuwa kumegeuka lengo, wakati kulikuwa ni njia tu ya kuokoa fedha.

Ndege iliyotoka ni F-111. Toleo la majini, F-111B, liliruka 1965 likiwa zito. Jeshi la Majini lilikuwa limetaka ndege isiyozidi takriban tani 25 ikiwa imejaa. Hii ilipita tani 30. Zilijengwa 7, na 1968 mradi wa toleo hilo ukafutwa. Jeshi la Anga liliendelea na toleo lake na likalitumia hadi miaka ya 1990, likiwa na marubani waliokaa ubavu kwa ubavu, mpangilio uliotakiwa na Jeshi la Majini lililokwisha kuondoka. Ukiangalia nguzo nene za pembeni kwenye gari letu la mfano, utaona jambo lilelile: mshirika ameondoka, uzito wake umebaki.

Kwenye F-35, aliyeleta ugumu mkubwa kuliko wote ni mwenye hitaji la pekee, si mwenye oda kubwa. Ndege ya Marine inabeba feni kubwa nyuma ya chumba cha rubani ili itue wima. Mwaka 2004 ilibainika kuwa toleo hilo lilikuwa zito kupita kiasi, na wahandisi wakalazimika kulipunguza zaidi ya kilo 1,000. Nafasi ya ndani ya mabomu ya toleo B ikawa ndogo kuliko ya A na C, na usanifu wa mradi mzima ukacheleweshwa na kazi hiyo. Kufikia 2016 maofisa wa mradi wenyewe walikuwa wakisema kufanana kwa matoleo hayo matatu ni kama asilimia 20 hadi 25. Toleo C lina mbawa zake kubwa, B lina feni yake, A linatumia nafasi ile ya feni kuweka mafuta. Kwa maneno mengine zilikuwa ndege tatu zilizolipiwa kama ndege moja.

Kwetu, taasisi ya afya ilikuwa na asilimia 10 ya oda, na machela yake ndiyo iliyobadilisha mlango, kishikio cha spea na kalibu. Mlima naye alikuwa na asilimia 30, na keria yake ndiyo iliyoleta uzito wote. Mgawanyo wa kuhesabu magari haukumfuata aliyesababisha gharama. Hili naliona ndilo tatizo la msingi, kubwa kuliko kutoelewana kwa watu. Watu walielewana sana, na maelewano yenyewe ndiyo yaliyopitisha kila ombi.

Kuhusu oda kupungua, hesabu haina huruma. Mwaka 2001 majeshi ya Marekani yalipanga kununua F-35 zaidi ya 2,800. Baadaye mpango ukashuka hadi karibu 2,450. Gharama ya usanifu haishuki pamoja na oda. Imekwisha kutumika, na waliobaki ndio wanaoibeba. Mshirika kujitoa ni hali hiyohiyo kwa ukali zaidi. Mradi wa V-22 Osprey, ndege inayopaa kama helikopta na kuruka kama ndege ya kawaida, ulianza 1981 chini ya uongozi wa Jeshi la Nchi Kavu. Jeshi hilohilo likajitoa mapema, na mzigo mkubwa ukabaki kwa Marine na Jeshi la Majini. Ufaransa nayo ilijitoa 1985 kwenye mazungumzo ya ndege ya pamoja ya nchi za Ulaya iliyokuja kuwa Eurofighter, ikaenda kuunda Rafale. Katika mkataba wetu wa Arusha hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya anayeondoka. Barua ya kampuni ya mlima iliwakuta wenzake hawana pa kushika.

Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND, kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani, ilichunguza kama ndege za kivita za pamoja zinaokoa fedha. Ilikuta kwamba gharama za miradi ya pamoja zilipanda zaidi kuliko za miradi ya jeshi mojamoja, na kwamba akiba iliyotarajiwa haikutosha kufidia ongezeko hilo. Njia waliyoitumia ndiyo iliyokosekana siku yetu ya kwanza: waliweka gharama ya kuungana pembeni ya gharama ya kutengana. Milioni 60 haikupaswa kulinganishwa na milioni 60 nyingine. Ilipaswa kulinganishwa na ile 25, na ile 20, na ile sifuri.

Wapo waliofaulu, na njia yao inafanana na jinsi kisa chetu kilivyomalizika. F-4 Phantom iliundwa kwa ajili ya Jeshi la Majini, ikaruka mara ya kwanza 1958. Jeshi la Anga liliichukua ikiwa tayari ni ndege nzuri, likaibadilisha kidogo kwa mahitaji yake, na kwa jumla zikajengwa zaidi ya 5,000. Mmoja aliamua, mwingine akanunua kilichokwisha kuthibitika. Taasisi ya afya iliponunua hadtop ilifanya hivyohivyo. Rafale nayo inatumiwa na jeshi la anga na jeshi la majini la Ufaransa, lakini toleo la manowari linatofautiana kwa mambo machache yanayojulikana, kama mguu wa gurudumu la mbele ulioimarishwa na ndoano imara zaidi ya kunasia kamba wakati wa kutua. Mahitaji ya manowari yalikuwemo kwenye mchoro tangu mwanzo. Hayakuongezwa kwa kura katikati ya kazi.

F-111B yenyewe haikupotea yote. Ndege ya F-14, iliyoruka Desemba 1970, ilichukua kutoka kwake injini, wazo la mbawa zinazosogea mbele na nyuma, rada na makombora ya Phoenix. Jeshi la Majini lilibeba sehemu zilizofanya kazi na kuacha umbo lililowashinda. Chesisi yetu iko katika nafasi hiyo. Ni kazi nzuri ya mafundi wa Arusha, imepita Serengeti masika na kiangazi bila kupasuka, na ilifaulu kwa sababu huko chini mahitaji ya wote yalikuwa mamoja kweli.

Jambo jingine lililofanya kazi ni kupima gari kwenye mizani baada ya kila badiliko. Fundi mkuu ndiye aliyelisisitiza, na namba zake ndizo zilizoonyesha wazi kwamba uzito wote ulitoka juu ya dirisha. Bila daftari lile tungeendelea kuzilaumu springi.

Hali ya sasa

Kampuni ya utalii na taasisi ya afya zina stoo ya pamoja ya springi, shokapu na vipuri vya injini. Kila mmoja analipa anachochukua, na mkataba unasema anayeondoka anaacha hisa yake ya vipuri kwa bei ya manunuzi. Mwaka huu kampuni ya mlima imeomba kuingia. Mhasibu wa taasisi ya afya amewaandikia orodha ya vipuri ambavyo magari yao yanatumia na ya wenzao hayatumii, akataka kwanza waweke sahihi kwamba hivyo watavinunua wenyewe. Barua ipo Moshi, inasubiri majibu.